Kisu Kisichouzwa: Kuisoma Nasaba katika Mchezo wa Pathfinder

Katika kitabu cha kanuni za Pathfinder, toleo la pili, kilichotolewa na kampuni ya Paizo Agosti 2019, kuna maneno machache kuhusu madwafu, watu wa kubuni wakaao milimani, ambayo nimeyarudia mara nyingi kuliko kurasa zote za mapigano. Kila dwafu, yanasema, huanza mchezo akiwa na kisu cha ukoo ambacho hakukinunua, kwa sababu alipewa alipozaliwa. Kukiuza ni mwiko mzito, na atakayekiuza atadharauliwa na madwafu wenzake. Basi, yanaishia hapo. Kitabu hichohicho kinapima urefu wa hatua, mzigo wa begi na bei ya kamba, lakini kikifika kwenye kisu hiki kinanyamaza. Hakisemi mwuzaji atakatwa pointi ngapi wala atapoteza nguvu gani. Aibu imeachwa iwe aibu.

Shuleni tulizoea kutenga fani na maudhui, kila moja na swali lake la mtihani. Kisu hiki hakitengeki. Jambo kinalolisema kuhusu ukoo limo katika namna kilivyoandikwa: kanuni isiyo na adhabu, iliyowekwa katikati ya kanuni zenye adhabu. Naamini sehemu ya kitabu cha mchezo inayoeleza nasaba ya mhusika ni utanzu mdogo wa maandishi wenye fani yake, na kwamba inafaa isomwe kwa makini yaleyale tunayoyatoa kwa shairi. Na nikisha kuisoma hivyo, nina kipimo kimoja: nasaba iliyoandikwa vizuri humwachia mchezaji swali la kuishi nalo. Iliyoandikwa vibaya humpa majibu yote kabla hajasema neno.

Kwa asiyewahi kukaa kwenye meza hiyo, mchezo wenyewe ni hivi. Watu wanne au watano hukusanyika. Mmoja ni msimulizi, anayeshika ulimwengu wote mikononi: njia, mvua, maadui, wenye maduka. Kila mmoja wa waliobaki anaigiza mhusika mmoja. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu yenye pande 20. Kabla ya yote hayo kuna jioni ya kwanza, ya kumuumba mhusika kwenye karatasi, na katika Pathfinder jioni hiyo ina ngazi tatu: nasaba, maisha ya awali, na kazi. Ulizaliwa na nani, ulikuwa ukifanya nini kabla hatujakutana nawe, na sasa unaweza nini. Nasaba ndiyo ya kwanza. Mpangilio huo si wa bahati tu. Mhusika anakuwa mtoto wa watu kabla ya kuwa mpiganaji au mchawi.

Neno "nasaba" nimelichagua mimi, na sikulipata kwa urahisi. Dungeons & Dragons, mchezo mama uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ulitumia neno la Kiingereza linalogawa watu kwa damu na rangi ya ngozi, na ukaendelea nalo kwa miongo. Paizo waliliacha mwaka 2019 wakachukua neno la wahenga na vizazi. Wenye Dungeons & Dragons wakaliacha katika kitabu cha wachezaji cha 2024, wakaenda kwenye neno la elimu ya viumbe, lile ambalo sisi tungesema "spishi". Kwa Kiswahili, "spishi" inanipeleka maabara. "Kabila" limebeba kura na vitambulisho, na "ukoo" ni mdogo mno kwa taifa zima la wakaa milimani. "Nasaba" inauliza jambo moja tu: umetoka kwa nani? Na hilo ndilo swali ambalo ukurasa huu unalijua.

Kuna neno jingine nililolikataa kwa nguvu zaidi. Wapo wanaomtafsiri dwafu kuwa "mbilikimo". Neno hilo limetupiwa watu halisi, watu wa misitu ya Kongo na maeneo jirani, kwa dharau ya miaka mingi. Siwezi kulivisha kiumbe wa kubuni mwenye shoka halafu nikajifanya sisikii. Ndiyo maana nasema dwafu, na elfi, na goblini, maneno mageni yasiyomuumiza jirani.

Sasa fani yenyewe. Katika toleo la 2019 kila nasaba imeandikwa kwa umbo moja. Kwanza yanakuja maelezo mafupi ya watu hao. Kisha orodha mbili zinazotazamana. Ya kwanza inazungumza na mchezaji moja kwa moja: huenda wewe ukapenda hiki, ukathamini kile. Ya pili inageuza jicho: pengine wengine watakuona hivi, watadhania vile. Baadaye yanafuata maumbile, jamii, imani na majina, na pembeni, ndani ya kisanduku, namba.

Hizo orodha mbili ndizo moyo wa ukurasa, na wachezaji wengi huziruka wakikimbilia kisanduku. Zitazame kisarufi. Ya kwanza iko katika nafsi ya pili lakini imelegezwa na "huenda", hakuna amri. Ya pili imelegezwa vilevile, ila mtendaji amebadilika, sasa ni wengine. Kati ya orodha hizo mbili kuna pengo, na mhusika anazaliwa humo. Dwafu anaambiwa kwamba huenda asirudi nyuma akishaamua jambo. Upande wa pili anaambiwa kwamba wengine watamwona mkaidi, na ukaidi huo utahesabiwa sifa au kero kutegemea nani anatazama. Tabia ni moja, majina mawili. Waandishi wangeweza kuandika kwamba madwafu ni wakaidi, wakamaliza. Badala yake wamegawa sentensi hiyo mara mbili na kumweka mchezaji katikati, mahali ambapo kila aliyewahi kuulizwa "wewe ni mtu wa wapi?" kwa sauti fulani amewahi kusimama.

Kisanduku cha namba nacho kinasomeka. Dwafu ana pointi 10 za uhai kutokana na nasaba yake, elfi ana 6, binadamu ana 8. Dwafu anatembea futi 20 kwa hatua, binadamu futi 25, elfi 30. Dwafu anaongezewa uimara na busara, na nyongeza moja aiweke apendapo, haiba inapunguzwa. Msomaji mwepesi ataona hesabu tu. Lakini weka karibu na namba hizo kipaji kimoja ambacho dwafu anaweza kukichagua, kile kinachomfanya asipunguzwe mwendo na uzito wa deraya. Wengine wakivaa chuma wanachelewa. Yeye alikuwa mzito tangu mwanzo, na sasa uzito wa dunia haumwongezei kitu. Udhaifu umegeuka msimamo. Hilo si hesabu pekee, ni taswira, na imejengwa kwa namba peke yake bila kivumishi hata kimoja.

Bado hatujagusa jambo ambalo naliona ndilo ubunifu mkubwa wa toleo hili, nalo ni wakati. Nasaba ilishughulikiwaje zamani? Mwaka 1974 ilikuwa kifuniko. Dwafu angeweza kuwa mpiganaji tu, na asingevuka daraja la 6. Elfi alisimamishwa daraja la 4 katika upiganaji na la 8 katika uchawi. Binadamu peke yake hakuwekewa dari. Damu ilikueleza mahali utakapokomea. Katika kitabu cha wanaoanza alichokihariri Tom Moldvay mwaka 1981, elfi ikawa kazi kabisa: ukiwa elfi hukuwa na haja ya kuulizwa unafanya nini, kwa kuwa uelfi ndio uliokuwa jibu. Dari hizo ziliondolewa mwaka 2000, toleo la tatu lilipotoka. Hata hivyo, kwa muda mrefu baadaye nasaba iliendelea kuwa furushi: unakabidhiwa siku ya kwanza, unalifungua, unatoa vilivyomo, na halina neno tena mpaka mwisho wa safari.

Pathfinder ya 2019 ilililegeza furushi hilo. Siku ya kwanza unapewa vichache: kisanduku, tawi moja la nasaba, kipaji kimoja. Kipaji kingine cha nasaba kinakuja daraja la 5, kisha la 9, la 13, na la 17. Kwa kundi linalokutana kila wiki, kutoka daraja la kwanza hadi la 17 ni safari ndefu sana, na katika muda wote huo nasaba inarudi mara kwa mara na kuuliza upya: je, bado wewe ni wa kwetu, na kwa namna gani? Mchezaji aliyeanza kwa kipaji cha kujua silaha za mababu anaweza, akifika daraja la 5, kuchagua kitu kinachoelekea kwingine kabisa. Anayemjua mtu aliyehamia mbali, akarudi kijijini akiwa na miaka 40 na kuanza kujifunza lugha ya bibi yake, ataitambua fani hii mara moja. Hatuzipokei nasaba zetu kwa mkupuo, huja kwa awamu, nyingine zikichelewa.

Si kila kipaji kimeandikwa kwa busara. Kimojawapo cha dwafu katika toleo hilo humtaka achague adui wa jadi, orki au majitu kwa mfano, na kumpa nguvu zaidi anapompiga. Hapo ukurasa unaangukia palepale unapojaribu kutoka. Chuki imeandikwa kuwa urithi wenye faida, tena faida ya namba. Kisu hakina namba na kinatufundisha aibu, lakini chuki imepewa namba na inatulipa kwa kuitumia. Nikisoma vitu hivyo viwili katika nasaba moja naona waandishi wawili wanaobishana bila kujua.

Kuhusu upungufu nina mgogoro na nafsi yangu. Haiba ya dwafu hupunguzwa, uimara wa elfi hupunguzwa, busara ya goblini hupunguzwa. Watu wengi walilalamika, na walikuwa na haki: kusema kwamba watu fulani wote wanazaliwa na upungufu fulani ni sentensi ambayo dunia yetu imeshaitumia vibaya sana. Mwaka 2022 Paizo waliruhusu mchezaji wa nasaba yoyote aweke kando nyongeza na pungufu zilizoandikwa, achukue nyongeza mbili huru. Kimaadili nakubaliana nao. Kifani nasikia kitu kimepotea, na ninaposema hivyo namfikiria Fumo Liyongo.

Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ni shujaa asiyeshikika. Ni mpiga upinde, mshairi, mtu wa kuogopwa na sultani. Hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Kinachomwua ni shaba ikichomwa kitovuni, na anayeichoma ni mwanawe mwenyewe. Ondoa shaba uone kinachobaki. Ni mtu mkubwa sana, lakini hadithi haipo, kwa sababu mwana hana siri ya kuipeleleza, baba hana cha kumwamini nacho, na watu hawana sababu ya kuogopa kuukaribia mwili uliopiga goti kisimani na upinde mkononi. Udhaifu wa Liyongo ndio mlango ambao wengine wanaingilia maishani mwake.

Lakini tazama tofauti. Shaba ni ya Liyongo peke yake. Haikuandikwa kwamba watu wote wa Pate au wote wa mwambao wana kitovu kinachoogopa shaba. Utenzi umempa mtu mmoja upungufu, kitabu cha mchezo kiliwapa taifa. Nadhani mabadiliko ya 2022 yanatibu kosa la kweli kwa kufuta, wakati kulikuwa na njia ya kulitibu kwa kuhamisha: kuutoa upungufu kwenye nasaba na kuuweka kwa mhusika, mchezaji mwenyewe amchagulie jeraha lake. Kanuni haikatazi, ila haiulizi. Na katika fani hii, kisichoulizwa kwenye karatasi mara nyingi hakiulizwi kabisa.

Dungeons & Dragons nao walihamisha, wakapeleka pengine. Katika kitabu cha 2024 nyongeza za uwezo zimeondolewa kwenye spishi na kufungwa kwenye maisha ya awali. Mtu aliyekulia shambani anaongeza nguvu, uimara au busara. Aliyekulia kwenye vitabu anaongeza uimara, akili au busara. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kwamba damu imeachiliwa huru. Niliposoma mara ya pili nikaona sentensi ileile imehama nyumba. Kama ilivyoandikwa kwenye kitabu hicho, mtoto wa mkulima hapati akili kutokana na malezi yake. Nimekulia kati ya watu walioamka saa kumi alfajiri kulima kabla ya kwenda darasani, waliosoma kwa kibatari. Siwezi kuupita mstari huo kimya. Pathfinder, kwa jambo hilohilo, inampa aliyekuwa kibarua wa shamba nyongeza mbili: moja iwe uimara au busara, ya pili aiweke popote. Ni neno moja tu la tofauti, "popote", na ndani yake mtoto wa mkulima anaweza kuwa mwanazuoni bila kuomba ruhusa.

Linabaki suala la vitabu, na hapa wachezaji huniuliza zaidi kuliko mahali pengine popote: turuhusu vitabu vingapi? Kitabu cha 2019 kilikuwa na nasaba sita. Toleo lililorekebishwa lilianza Novemba 2023 kwa nasaba nane katika kitabu cha kwanza, orki na leshi wa mimea wakiwemo, na kitabu cha pili cha 2024 kikaongeza nyingine nane. Nje ya hivyo kuna vitabu vya nchi mbalimbali za ulimwengu huo, kila kimoja na watu wake. Kanuni zenyewe husomwa bure, kwa hiyo fedha haichagui kwa niaba yetu. Paizo waliweka alama za upatikanaji: nasaba ya kawaida, isiyo ya kawaida, nadra. Alama hizo hazipimi nguvu. Zinamwambia mchezaji kwamba hapa inabidi azungumze na msimulizi kwanza, na naziona ni adabu ya mezani iliyoandikwa kwa lugha ya kanuni. Unabisha hodi kabla ya kuingia.

Chukua anadi. Ni buibui wenye utu na akili, wapole, waliojifunza kujigeuza sura ya binadamu ili majirani wasiogope. Msomaji wa Afrika Magharibi hawezi kulisikia jina lao bila kumkumbuka Anansi, buibui wa ngano. Nasaba yao imo katika kitabu cha 2021 kiitwacho The Mwangi Expanse, kinachoeleza nchi kubwa ya kusini katika ulimwengu wa Pathfinder, na mchezaji wa Kenya akilisikia jina hilo hucheka kwa furaha kabla hajafungua jalada, maana Mwangi anamjua, ni jina la Kigikuyu la watu na la rika. Mwaka 2010 Paizo walikuwa wametoa kitabu cha awali kuhusu nchi hiyohiyo, Heart of the Jungle. Weka majina hayo mawili ya vitabu ubavu kwa ubavu. La 2010 linautazama msitu kutoka nje, kwa jicho la msafiri anayepenya. La 2021 linaiita nchi kwa jina la watu wake. Hata kabla ya ukurasa wa kwanza, nafsi inayosema imebadilika.

Ndani ya kitabu hicho anadi wana majirani: kuna mji wa Nantambu na chuo chake cha uchawi cha Magaambya, kilichoasisiwa na mchawi Jatembe, kuna elfi wa Ekujae msituni, kuna masoko, madeni na kumbukumbu za vita. Hapo uamuzi wa anadi kuvaa sura ya mtu kila anapoingia mjini una uzito, kwa kuwa kuna mji na kuna macho. Ing'oe nasaba hiyo, ibandike kwenye karatasi kando ya vipaji vilivyochumwa kutoka vitabu vinne, na utabaki na buibui mwenye sumu na nyongeza nzuri. Pengo kati ya "wewe" na "wengine" limezibika, kwa sababu wengine hawapo tena. Ndiyo sababu mezani kwangu naanza na kitabu kimoja cha kanuni na kimoja cha nchi. Anayetaka kingine anisimulie kwanza ni nani watakaomtazama mhusika wake, na watamwitaje.

Mpwa wangu hakulipenda sharti hilo. Alikuja na orodha yake kwenye simu, nasaba sita kutoka vitabu sita, akiwa ameshafanya hesabu.

"Mjomba, huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote."

"Nimekubali. Mama yake ni nani?"

Alicheka, akakaa kimya, akafuta. Akaishia kwa dwafu, akilalamika kwamba ni wa kawaida mno, na akaandika kisu cha ukoo mwishoni kabisa mwa orodha ya vitu, chini ya kamba na mienge.

Miezi miwili baadaye kundi lao lilifika kwenye kivuko bila hata sarafu moja. Mwenzao alikuwa na homa mbaya na mganga alikuwa ng'ambo. Nikiwa mwenye mtumbwi, niliwatazama mmoja mmoja, nikakionyesha kisu kiunoni mwa dwafu na kusema hicho kinatosha. Mpwa wangu alivuta karatasi yake, akashuka na kidole hadi mstari wa mwisho. Akaomba kitabu, akasoma ule mwiko, akageuza ukurasa kutafuta adhabu.

"Haijaandikwa nitapoteza nini," alisema.

"Haijaandikwa."

Wenzake walikuwa wakimsubiri. Aliishika dadu, akaiweka chini bila kuirusha, kisha akamwuliza mwenye mtumbwi kama atakubali kazi ya siku tatu ya kupiga kasia badala ya nauli.